Nimefeli mtihani wa kuruka, je, kazi ya urubani nitaipata? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa vijana wa Dodoma, Kondoa, Manyoni na Singida wanaosomea urubani au waliokwisha kurudi na leseni, na kwa wazazi wanaowalipia. Mengi huulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, baada ya mtihani kwenda vibaya. Pale jibu linapogusa swali lingine nimetaja namba yake ili nisirudie maneno.

## Mambo ya msingi

1. Mtihani wa kuruka ni upi hasa?

Ni mtihani wa vitendo unaofunga kila hatua ya mafunzo, baada ya kufaulu nadharia na kutimiza saa zinazotakiwa. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, anayeomba leseni ya rubani binafsi, PPL, awe na miaka 17 na saa 40 za kuruka. Anayeomba leseni ya rubani wa biashara, CPL, awe na miaka 18 na saa 200, au 150 kama amesoma kozi iliyoidhinishwa mfululizo. Kati ya hizo kuna mtihani wa kuruka kwa kutegemea vyombo, unaoitwa IR, kuna wa ndege ya injini mbili, na kwa anayetaka kufundisha kuna wa ukufunzi.

Maana yake ni kwamba kabla hujaandika barua yako ya kwanza ya kuomba kazi, umeshakaa mbele ya mtahini mara tatu, nne, hata tano. Kwa idadi hiyo ya mitihani, kijana mzuri kabisa anaweza kuteleza mmoja.

2. Nani anatahini, na mkufunzi wangu anahusikaje?

Anatahini mtu aliyeteuliwa na mamlaka ya nchi inayotoa leseni. Kwa hapa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Kwa kawaida mtahini huwa si yule aliyekufundisha. Kazi ya mkufunzi ni kusaini kwamba uko tayari.

Saini hiyo ina uzito kuliko wanafunzi wanavyodhani. Marekani, kwa mfano, njia mojawapo ya mkufunzi kuhuisha sifa zake ni kuonyesha kwamba ndani ya miezi 24 ameandaa wanafunzi wasiopungua watano, na angalau asilimia 80 yao wakafaulu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mkufunzi akikwambia "bado, tusubiri wiki mbili", msikilize. Anakulinda wewe na anajilinda mwenyewe.

3. Watu hufelia wapi?

Wanafunzi wengi huogopa kutua kwenye upepo wa ubavuni mbele ya mtahini. Upepo unafelisha, ndiyo, lakini si wachache wanaofeli kabla injini haijawashwa, kwenye maswali ya mdomo.

Chukua swali moja ambalo mtu wa Dodoma anapaswa kulijibu usingizini. Uwanja wetu uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kama futi 3,700. Ni Oktoba, saa nane mchana, joto limefika nyuzi 31. Mtahini anauliza: ndege itajiona iko kwenye kimo gani? Ukipiga hesabu ya joto lililozidi kiwango, unapata zaidi ya futi 6,000. Hewa ni nyepesi, injini inapoteza nguvu, mabawa yanahitaji kasi kubwa zaidi ili kubeba mzigo uleule, na Cessna 172 yenye watu wanne na matangi yaliyojaa itakula barabara ya kurukia ndefu kuliko ulivyozoea. Aliyesomea pwani, Dar es Salaam au Florida, anajua kanuni hiyo kwa maneno ya kitabuni, lakini akiambiwa afungue majedwali ya ndege na kutoa namba, anaanza kutoka jasho. Mtahini hajali kama umekariri maelezo. Anataka kujua kama utaondoka au utasubiri jioni ipoe.

Sehemu ya pili inayofelisha ni kubadili uwanja ukiwa njiani. Umeruka Dodoma kwenda Tabora, reli iko chini yako, umepita Bahi, umepita Manyoni, sasa uko juu ya Itigi. Mtahini anasema, "Tabora imefungwa na radi, nipeleke Singida." Hapo ndipo utamjua aliyeandaliwa. Singida iko kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo, kama kilomita 100. Kwa mwendo wa kilomita 185 kwa saa ni dakika 32 au 33, na mafuta ni lita 17 hadi 20 hivi. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai zitakuonyesha mji kabla hujauona uwanja. Anayefaulu hugeuza ndege kwanza kuelekea upande unaokaribia ukweli, anaandika saa, ndipo anasafisha hesabu. Anayefeli huinamia ramani, na huku ndege inapanda na kushuka bila yeye kujua.

Mengine ni kuvuka mipaka ya kimo kwenye kona kali, kusahau orodha ya ukaguzi kabla ya kutua, na kung'ang'ania kutua pale ambapo kukatisha na kupaa tena kungekuwa jibu sahihi. Hilo la mwisho linaniuma, kwa sababu kupaa tena hakukufelishi. Kinachokufelisha ni ubishi.

4. Nikifeli sehemu moja, narudia mtihani mzima?

Inategemea mamlaka ya leseni yako. Marekani, maeneo uliyofaulu huhesabiwa iwapo utarudi ndani ya siku 60, na kabla ya kurudi lazima mkufunzi asaini kwamba amekufundisha tena na umeiva. Kwa mfumo wa Ulaya, ukifeli sehemu moja unarudia hiyo tu. Zikizidi moja, unarudia yote.

Popote ulipo, usiondoke bila maandishi yanayosema umefelia nini. Utayahitaji kwa mkufunzi wiki hiyohiyo, na utayahitaji kwenye usaili baada ya miaka (swali la 12).

5. Mtihani ulisitishwa kwa sababu ya mvua. Hiyo ni kufeli?

Hapana. Hali ya hewa ikibadilika, ndege ikipata hitilafu au mtu akiugua, mtihani husitishwa na unarudi kumalizia. Kwa Marekani unapewa barua maalumu ya kusitisha, nayo pia ina siku 60. Itunze. Kati ya Desemba na Aprili, mawingu ya alasiri hapa kanda ya kati yanaweza kusitisha mtihani wa mtu yeyote.

Lakini ukishafanya kosa la kufelisha halafu ukaomba kusitisha kwa kisingizio cha mawingu, mtahini atakuandikia kufeli, na ana haki.

## Kumbukumbu zinakaa wapi

6. Kufeli kunaandikwa wapi, na nani anaona?

Kunaandikwa sehemu tatu. Mtahini anapeleka taarifa kwa mamlaka. Chuo kinabaki na jalada lako la mafunzo. Na daftari lako la saa, logibuku, linabeba alama zake: ukionekana umefanya mtihani tarehe fulani, kisha saa tano za mafunzo ya ziada, kisha mtihani tena, msomaji mzoefu haulizi kilichotokea katikati.

Mwajiri anaweza kuomba vyote vitatu kwa idhini yako. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki juu ya taarifa zako, lakini usiitegemee kama pazia. Mwombaji anayekataa kutoa idhini, kwa mwajiri wa marubani, ameshajibu swali.

7. Nilisoma Marekani au Afrika Kusini. Nikirudi Tanzania watajuaje?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na mara nyingi anayeuliza anatamani jibu liwe "hawatajua".

Unapoleta leseni ya nje ili TCAA iitambue, mamlaka iliyoitoa huulizwa kama ni halali. Hapo tu tayari kuna mawasiliano. Marekani inayo hifadhidata ya kumbukumbu za marubani, ambayo tangu Septemba 2024 imechukua kabisa nafasi ya utaratibu wa zamani uliowekwa na sheria ya mwaka 1996. Ndani yake kuna mitihani uliyofeli. Mashirika ya huko yanalazimika kuisoma kabla ya kukuajiri, na wewe mwenyewe unaweza kuifungua na kupata nakala. Mwajiri wa hapa anaweza kukwambia, "Tuletee nakala yako." Utasema haipo?

Halafu kuna njia ambayo haihitaji kompyuta. Marubani wa Tanzania wanajuana. Uliyesoma naye leo ndiye atakuwa rubani msaidizi wa kapteni anayekusaili kesho. Mkufunzi wako ana rafiki Arusha, rafiki ana ndugu Mwanza. Habari ya mtihani wako itafika kabla ya barua yako.

8. Kwa nini mashirika yanajali mtihani wa zamani kiasi hicho?

Kwa sababu watu wamekufa. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air namba 3407 ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake, chini. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilipopunguza mwendo kupita kiasi na usukani ukaanza kutikisika kuonya, kapteni aliuvuta nyuma badala ya kuusukuma mbele. Ulionyesha pia kwamba alikuwa amefeli mitihani kadhaa huko nyuma, na kwamba alipoomba kazi hakuitaja yote. Sheria iliyofuata mwaka 2010 ndiyo iliyozaa hifadhidata ya swali la 7, na kutokana nayo saa 1,500 zikawa sharti la kuingia mashirika ya abiria ya Marekani.

Februari 23, 2019, ndege ya mizigo ya Atlas Air namba 3591, Boeing 767, ilitumbukia Trinity Bay, Texas, ikiua wote watatu waliokuwemo. Rubani msaidizi alikuwa ameshindwa mafunzo kwa waajiri waliopita na akaficha. Hifadhidata ilikuwa bado haijakamilika.

Yeyote anayeajiri marubani, awe Dallas au Dodoma, amezisoma ripoti hizo. Akikuuliza juu ya mtihani wako hakutafutii aibu. Ana abiria.

## Kazi

9. Nimefeli mara moja tu. Nimejiharibia?

Hapana, na ningependa kila mzazi asome jibu hili mara mbili. Mtihani mmoja uliofeli, ukafundishwa tena, ukafaulu, ukaendelea vizuri, haufungi mlango wa kazi ya urubani. Makapteni wengi wanaosaili nao wana siku moja ya namna hiyo. Wanachotafuta ni kama ulijifunza kitu na kama unaweza kukisimulia bila kutetemeka na bila kumlaumu mtu.

10. Na mara mbili au tatu?

Hapa inabidi kusema ukweli. Kufeli mara tatu kwenye mitihani mitatu tofauti, kila mmoja kwa sababu yake, ni jambo zito lakini lina maelezo. Kufeli mara tatu kwa kosa lilelile ni zito zaidi hata kama ni ndani ya mtihani mmoja, kwa sababu linasema kwamba mtu anaelezwa, anaitikia, na hakibadiliki kitu. Msaili hupanga tarehe na makosa kwa mstari, kisha anaangalia mstari unaelekea wapi. Ulifeli PPL na CPL, ukafaulu IR, injini mbili na ukufunzi kwa mara ya kwanza? Mstari unapanda. Ulianza vizuri kisha unafeli kadiri ndege inavyokuwa kubwa? Hilo litamfanya asite.

Kama uko kundi hilo la pili, usikimbilie mtihani unaofuata. Kaa na mkufunzi mgeni kabisa, mwenye macho mapya, akuangalie saa chache kabla ya kulipia chochote. Mara nyingi shida iko chini zaidi ya pale ulipofelia: usingizi, woga wa kuongea redioni, kupanga muda ndani ya ndege, au Kiingereza ambacho kiwango cha nne cha ICAO kinakitaka na hukukipa muda.

11. Mitihani yote ina uzito sawa?

Haina. Kufeli PPL ukiwa na saa 45 kunasahaulika mapema. CPL na IR zinaangaliwa zaidi kwa sababu ndizo zinazofanana na kazi yenyewe. Mtihani wa kwanza wa ukufunzi Marekani unajulikana kwa ugumu wake, maswali ya mdomo peke yake hula saa nyingi, na wanaosaili wanalijua hilo. Kinachotisha kuliko vyote ni kushindwa mafunzo ya aina fulani ya ndege ukiwa umeshaajiriwa, kwa kuwa hapo mwajiri ametoa fedha zake (tazama swali la 22).

12. Wakiniuliza kwenye usaili nijibu vipi?

Kwa ufupi, kwa mpangilio, na kwa nafsi ya kwanza. Nitaweka mfano wa mazungumzo, maana hapa ndipo kazi hupatikana au hupotea.

"Naona IR ulifeli mara ya kwanza. Ilikuwaje?"

"Ndiyo, Kapteni. Nilishuka chini ya kimo kilichoruhusiwa kabla sijaiona barabara ya kurukia. Waliniita redioni, nikajibu, macho yakaacha altimita. Nilirudi na mkufunzi, tukafanya saa nne, nyingi kwenye simuleta, nikitaja kimo kwa sauti kila futi mia. Nilifaulu baada ya wiki tatu. Mpaka leo nataja kimo kwa sauti."

Yamekwisha (simuleta ni mashine ya mazoezi inayoiga ndege, altimita ni kipimo cha kimo). Kosa limetajwa kwa jina lake, dawa imetajwa, na tabia iliyobaki imetajwa. Kapteni anaweza kukuuliza swali moja au mawili ya kiufundi juu ya kosa hilo, na ukishindwa kuyajibu hapo ndipo utakuwa umefeli mara ya pili. Kwa hiyo mada uliyofelia uijue kuliko mada zote.

Majibu yanayoua: "Mtahini yule anajulikana kwa kufelisha watu." "Chuo kilikuwa na ndege mbovu." "Siku ile nilikuwa na msiba." Hata kama msiba ulikuwepo kweli, msaili atauliza kwa nini ulipanda ndege na msiba kichwani. Kama ndivyo ilivyokuwa, sema hivyo: kwamba ulipaswa kuahirisha, na kwamba sasa unaahirisha.

13. Fomu haijauliza juu ya kufeli. Niseme mwenyewe?

Kwenye fomu jibu kilichoulizwa, usiongeze insha. Kwenye usaili wakikuuliza historia ya mafunzo yako, kutaje kufeli kwako mwenyewe wanapofika hapo. Na soma swali la fomu kwa makini. Fomu ikiuliza kama umewahi kufeli mtihani wowote au sehemu yake, basi ile sehemu moja uliyorudia kesho yake imo. Wapo wanaojidanganya kwamba "niliyorudia haihesabiwi". Inahesabiwa. Marekani, maelezo ya uongo kwenye maombi ya leseni yanatosha kukunyang'anya leseni zako zote, na hakuna mtihani wa kuruka unaoweza kukufanyia hivyo.

14. Mashirika makubwa na madogo yanaliangalia sawa?

Hayalingani. Shirika kubwa lenye ndege kama Airbus A220, Dash 8 Q400 au Boeing 787, ilizonazo Air Tanzania, hupokea maombi mengi na huchuja kwa makaratasi kabla ya kumwona mtu. Hapo rekodi iliyochafuka inaweza kukuondoa kabla hujafungua mdomo. Nafasi za taasisi za umma hupita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, iliyo hapa hapa Dodoma, na kule kinachoonekana kwanza ni vyeti na saa.

Makampuni madogo yanayorusha Cessna Caravan kwenda mbugani na visiwani hukutana na mtu uso kwa uso. Mara nyingi rubani mkuu atapanda nawe ndege na kukuangalia mwenyewe, na anachokiona siku hiyo kinashinda karatasi ya miaka miwili iliyopita. Kijana mwenye alama ya kufeli aanzie huko. Saa zake zikiongezeka na ukaguzi ukipita salama mwaka hadi mwaka, ile ya zamani inapungua uzito yenyewe.

## Nyumbani na fedha

15. Mzee aliuza ng'ombe na sehemu ya shamba la zabibu ili nisome. Nimwambieje?

Mwambie, na mwambie mapema, kabla mjomba hajasikia mitaani. Nimeona familia ikivumilia kufeli na nimeona ikivunjika kwa kudanganywa. Ujumbe wa simu hautoshi. Kama uko mbali piga, uombe kuongea na baba na mama wakiwa pamoja. Sema nini kilitokea, kinachofuata ni nini, kinagharimu kiasi gani, na tarehe. Mzazi asiyejua urubani anaposikia neno "kufeli" anafikiri ni kama matokeo ya kidato cha nne, kwamba mwaka umepotea. Hajui kwamba pengine ni sehemu moja ya kurudia ndani ya siku chache. Mweleze hilo kwanza kabisa.

Na kwenu wazazi: kijana anayepiga simu kusema amefeli amefanya jambo ambalo mashirika yote ya ndege yanalitafuta. Msimpigie kelele siku hiyo. Kijana akiogopa nyumbani ataanza kuogopa kusema ukweli ndani ya ndege pia.

16. Nirudie haraka ili nisipoteze fedha, au nisubiri?

Ndege inakodishwa kwa saa, tena kwa dola mara nyingi. Ongeza ada ya mtahini, masomo ya ziada, chumba na chakula. Kila wiki unayokaa inakula. Lakini kurudia bila kurekebisha kosa ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kwa sababu unalipa tena na unaongeza alama ya pili (swali la 10). Rudi mapema, angalau ndani ya muda ambao sehemu ulizofaulu bado zinahesabiwa, ukiwa umefanya zoezi lililokuangusha mpaka mkufunzi mwenyewe achoke nalo. Panga bajeti ya kozi tangu mwanzo ikiwa na fungu la kurudia mtihani mmoja. Usipolitumia, litakulipia saa za kuruka baadaye.

17. Nihamie chuo kingine?

Ukifeli mara moja, kaa hapo. Kuhama kunaacha pengo kwenye jalada na kunakugharimu saa za kukuzoesha ndege na uwanja mpya. Hama kama wakufunzi wanabadilika kila mwezi, kama ndege ziko chini kwa matengenezo muda wote, au kama walikupeleka mtihanini kwa sababu ada ilikuwa imeisha na si kwa sababu uliiva. Ukihama, chukua jalada lako lote la mafunzo likiwa limesainiwa.

## Hali za pembeni

18. Kufeli nadharia nako kunahesabiwa?

Kidogo. Msaili anaweza kuuliza, hasa kama ulirudia somo moja mara nyingi, lakini mtihani wa kuruka ndio unaozungumziwa.

19. Nilikosa cheti cha afya daraja la kwanza. Ni kufeli?

Hilo ni jambo la kiafya, si la uwezo wako. Rubani wa biashara anahitaji daraja la kwanza, rubani binafsi daraja la pili linamtosha. Ushauri ni mmoja: pima daraja la kwanza kabla ya kulipa hata ada ya mwezi wa kwanza. Inauma kumwona kijana ametumia mamilioni ndipo anaambiwa juu ya macho yake.

20. Naamini mtahini alinionea.

Inawezekana. Watahini ni watu. Andika siku hiyohiyo kilichotokea, kwa utaratibu, ukilinganisha na viwango vilivyochapishwa vya mtihani, kisha mpelekee mkuu wa mafunzo wa chuo. Kama kuna hoja, chuo kinaweza kuipeleka kwa mamlaka au kukuombea mtahini mwingine. Lakini malalamiko yakishakwisha, yaache huko. Usije nayo kwenye usaili, hata kama haki ilikuwa yako.

21. Niliomba kazi nikaficha, nikapata. Sasa nifanyeje?

Zungumza na mwanasheria anayejua sheria za anga kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote, halafu fikiria kwa dhati kwenda kwa rubani mkuu mwenyewe. Sitasema haina hatari. Unaweza kupoteza kazi. Ila aliyejisema ana la kujitetea. Aliyegunduliwa hana, na hugunduliwa siku mbaya kuliko zote, siku anapoomba kazi kubwa zaidi au siku tukio limetokea na wachunguzi wamefungua majalada.

22. Na nikifeli ukaguzi nikiwa tayari niko kazini?

Rubani wa shirika hukaguliwa umahiri wake mara mbili kwa mwaka, maisha yake yote ya kazi, pamoja na mafunzo kila anapohamia aina mpya ya ndege. Ukishindwa mara moja, kwa kawaida unaondolewa kwenye ratiba, unafundishwa tena kwenye simuleta, unakaguliwa upya, unarudi kazini. Ukishindwa tena, uongozi hukaa kuamua kama uendelee, ubaki kwenye ndege ndogo, au uachishwe.

Aliyewahi kufeli shuleni na akajifunza kuomba mafunzo ya ziada bila aibu ana faida hapa. Akiona simuleta ya mwezi ujao inamtia wasiwasi, humfuata mkufunzi wa shirika wiki mbili kabla na kumwambia, "Kapteni, naomba tupitie injini moja kuzimika wakati wa kupaa." Mashirika mengi yana nafasi za namna hiyo kwa anayeomba. Uliza utaratibu wake siku unaporipoti kazini, pamoja na ratiba ya ukaguzi wako wa kwanza.